Msamaha wa Ada Usikuishie Nusu ya Digrii

Dola 46. Hiyo ndiyo ada ya yuniti moja katika chuo chochote cha jamii jimboni California, na tangu mwaka 2012 haijapanda. Kwa mwanafunzi wa kipato cha chini hata hizo 46 hazitozwi, maana upo msamaha uitwao California College Promise Grant, ambao wakongwe bado wanauita kwa jina lake la zamani, BOG. Katika familia zetu za Wakongomani, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaoishi jimboni humo, habari za msamaha huo zimeshaenea. Kijana akimaliza sekondari tu, shangazi anamwambia: nenda chuo cha jamii, ni bure.

Ni bure, lakini hadi mahali fulani. Siku hizi baadhi ya vyuo hivyo vinatoa digrii kamili ya miaka minne, na hapo hesabu inabadilika. Masomo ya ngazi ya juu, yaani yale ya mwaka wa tatu na wa nne, yana ada ya ziada ya dola 84 kwa kila yuniti, juu ya zile 46. Jumla dola 130. Msamaha uliwekwa kwa ajili ya dola 46. Anayeingia mwaka wa tatu akidhani mambo yataendelea kama alivyozoea hukutana na bili ambayo hakuipangia, na bili ya namna hiyo inatosha kumrudisha mtu kwenye ghala au kwenye zamu za usiku za kulea wazee, ilhali amebakiza mihula minne tu.

Kwa hiyo piga hesabu ya miaka yote minne kabla hujachagua chuo. Digrii ina yuniti 120. Tuseme nusu ni za ngazi ya juu: 60 kwa dola 46 ni dola 2,760, na 60 kwa dola 130 ni dola 7,800. Digrii nzima ni dola 10,560, bei ambayo huipati kirahisi kwingine Marekani. Ukisamehewa dola 46 katika yuniti zote, unabaki na dola 5,040, karibu nusu ya gharama yote. Hizo ndizo za kutafutiwa mlipaji mapema. Nenda ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo, uliza swali hili moja, na uombe jibu kwa maandishi: ile ada ya dola 84 kwa mtu mwenye hali kama yangu italipwa na nani? Jibu la mdomo halitoshi. Karani aliyekujibu leo huenda mwakani hayupo.

Digrii zipi hasa?

Sheria ya mwaka 2014 iliruhusu vyuo 15 kujaribu mpango huu. San Diego Mesa College ilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia kupokea wanafunzi, mwaka 2015, katika usimamizi wa taarifa za afya. Vingine vilichukua usafi wa meno, tiba ya upumuaji, mitambo ya viwandani, utengenezaji wa dawa za kibayolojia. Mwaka 2021 sheria nyingine, AB 927, iliufanya mpango kuwa wa kudumu na kuruhusu hadi programu 30 mpya kuidhinishwa kila mwaka. Sharti kubwa ni kwamba chuo cha jamii kisirudie digrii inayotolewa tayari na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, CSU na UC.

Sharti hilo linatugusa moja kwa moja, kwa sababu watu wetu wengi wanataka uuguzi, ambao CSU tayari inautoa. Mwaka 2024 Bunge la California lilipitisha muswada wa kuruhusu baadhi ya vyuo vya jamii kutoa digrii ya uuguzi, na Gavana Gavin Newsom akaukataa. Nasikitika kila ninapolieleza hili kwa dada anayefanya kazi ya kulea wagonjwa na anayejua kazi hiyo kuliko walimu wengi. Kwake yeye njia bado ni kuchukua stashahada ya uuguzi katika chuo cha jamii kisha kuhamia chuo kikuu.

Tena usidhani kwamba chuo cha jamii ndicho nafuu kila mara. Ada ya masomo ya CSU mwaka 2025-26 ni dola 6,450, na yuniti 30 za ngazi ya juu katika chuo cha jamii ni dola 3,900. Kwenye karatasi chuo cha jamii kinashinda. Lakini ruzuku ya jimbo iitwayo Cal Grant hulipa ada yote ya masomo ya CSU kwa anayestahili. Mwenye Cal Grant kamili anaweza kusoma CSU bila kutoa ada hiyo mfukoni, wakati mwenzake aliyebaki chuo cha jamii huenda anahangaika na zile dola 84. Omba kote, kisha linganisha kiasi kitakachotoka mfukoni mwako baada ya misaada yote kutolewa.

Jinsi ya kupanga misaada

Msamaha wa dola 46 una sifa moja inayosahaulika: hauhitaji usome muda wote. Hata mwenye somo moja anastahili. Wanaopokea misaada ya serikali kama CalWORKs au SSI wana njia yao, wenye kipato kidogo wana njia yao, na wengine hupimwa kwa FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu. Unaombwa upya kila mwaka wa masomo. Unapotea ukikaa mihula miwili mfululizo na wastani wa alama chini ya 2.0, au bila kumaliza zaidi ya nusu ya yuniti ulizochukua. Mtu aliyezidiwa na kazi afute somo mapema, kabla ya tarehe ya mwisho ya kufuta, kuliko kuacha tu kuhudhuria.

Upo pia msaada mwingine wenye jina linalokaribiana na huo, California College Promise, uliotokana na sheria ya mwaka 2017. Huo hauangalii kipato. Ni wa anayeingia chuo kwa mara ya kwanza na kuchukua yuniti 12 au zaidi kwa muhula, na sheria ya mwaka 2019 iliufikisha miaka miwili. Kila chuo kina namna yake ya kuutumia. Kwa anayetaka digrii, tatizo liko katika hiyo miaka miwili: umewekwa kwa kipimo cha stashahada. EOPS, mpango unaosaidia vitabu na ushauri, nao kwa kawaida haumpokei mwenye zaidi ya yuniti 70. Utaona kwamba misaada karibu yote iliandikwa wakati chuo cha jamii kikiishia mwaka wa pili.

Ndiyo maana ruzuku ya serikali kuu, Pell, inatakiwa kutunzwa kwa ajili ya mwaka wa tatu na wa nne. Kiwango chake cha juu mwaka 2025-26 ni dola 7,395. Yuniti 30 za ngazi ya juu zinahitaji dola 2,520 za ile ada ya ziada, kwa hiyo mwenye Pell kamili angebaki na dola 4,875 za vitabu, nauli na sehemu ya kodi ya nyumba. Lakini Pell ina ukomo: mihula 12 ya kusoma muda wote, katika maisha yako yote.

Hapa naomba mwenye ndugu aliyefika karibuni asome kwa makini. Wageni wengi huanza na masomo ya Kiingereza. Wakijiandikisha katika Kiingereza chenye yuniti na kuchukua Pell, mihula inaanza kuhesabiwa. Mwaka mmoja, miwili, na mtu hajagusa hata somo moja la digrii. California ina madarasa ya Kiingereza yasiyo na yuniti, katika shule za watu wazima na katika vitengo vya elimu endelevu vya vyuo vya jamii, na hayo ni ya bure kabisa. Hayahitaji msamaha na hayagusi Pell. Jifunze Kiingereza huko kwanza, kisha uingie darasa la yuniti ukiwa umeiva. Na mwenye digrii kutoka Lubumbashi, Bujumbura au Nairobi ajue kwamba Pell ni ya digrii ya kwanza tu, hata kama hiyo ya kwanza ilitolewa nje ya Marekani.

Ukiwa katika programu ya digrii kwenye chuo cha jamii, unaweza pia kupata Middle Class Scholarship ya jimbo, sawasawa na mwanafunzi wa CSU au UC. Wengi hawaombi kwa kuwa wanadhani ni ya vyuo vikuu peke yake. Na unapochagua masomo, tafuta alama ya masomo yasiyo na gharama ya vitabu. Sheria ya California inavitaka vyuo viweke alama hiyo kwenye ratiba.

Karatasi

Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyekubaliwa hifadhi wanahesabika kuwa wasio raia wanaostahili msaada wa serikali kuu. Ili utozwe ada ya mkaazi, kanuni ya kawaida ni uwe umeishi California mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, lakini mkimbizi ambaye California ndipo alipofikia mara tu alipoingia Marekani hatozwi ada ya mgeni hata kabla ya mwaka huo kutimia. Ukitozwa, usilipe kimya kimya. Rudi na fomu yako ya I-94. Asiye na hati anaweza kutumia fomu ya jimbo, CADAA, iwapo anatimiza masharti ya sheria ya AB 540. Huyo apate kwanza ushauri wa kisheria, na asijaze FAFSA.

Fomu nyingi hukwama kwenye majina. Mtu ana majina matatu. Kambini yaliandikwa kwa mpangilio mmoja, uwanja wa ndege kwa mwingine, shuleni kwa mwingine tena. Chukua jina kama lilivyo kwenye kadi ya hifadhi ya jamii na I-94, herufi kwa herufi, ulitumie kila mahali. Vivyo hivyo tarehe ya kuzaliwa. Kama ofisi ilikuandikia 1 Januari kwa kuwa hukuwa na cheti, basi kwenye FAFSA wewe umezaliwa 1 Januari.

Ukiwa na miaka 24, au una ndoa, au una mtoto unayemtunza, au wakati wowote tangu ulipotimiza miaka 13 ulikuwa huna mzazi hata mmoja aliye hai, FAFSA inakuona unajitegemea, na kipato cha mjomba unayeishi kwake hakihusiki. Vijana yatima wa kwetu mara nyingi huandika kipato cha mjomba kwa heshima tu. Heshima hiyo inawapunguzia msaada.

Kudai msamaha upanuliwe

Yote hayo ni ya kujipanga ndani ya sheria iliyopo. Sheria yenyewe inapaswa kubadilika. Jimbo likishasema chuo cha jamii kinaweza kutoa digrii, si haki msamaha wa maskini ubaki umekatwa katikati. Na wanaoamua wanafikika.

Kila wilaya ya vyuo vya jamii ina bodi ya wadhamini inayochaguliwa kwa kura. Bodi ina nafasi ya kutumia fedha za Promise na za ufadhili wa ndani kuwalipia wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne. Sheria ya California ya mikutano ya wazi, iitwayo Brown, inaitaka itangaze ajenda ya kikao cha kawaida saa 72 kabla, na iwape wananchi nafasi ya kusema. Huhitaji kuwa raia wala kueleza hali yako ya uhamiaji. Tena bodi ikiweka kikomo cha muda, anayezungumza kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara mbili ya muda huo. Mama anayejieleza vizuri kwa Kiswahili asikae nyuma akimsukuma mtoto wake wa miaka 15 aseme badala yake.

Nendeni wengi, lakini aseme mtu mmoja au wawili. Taja programu, taja dola 84, taja kiasi ulichotozwa muhula huu, kisha omba jambo moja: ada ya ngazi ya juu isamehewe kwa kila mwenye msamaha wa dola 46. Siku hiyo usiongeze malalamiko ya maegesho wala ya foleni. Mpe katibu wa bodi karatasi yenye maneno hayohayo.

Sacramento, makao ya serikali ya jimbo, nako kuna majira yake. Gavana hutoa pendekezo la bajeti kufikia 10 Januari, hulirekebisha katikati ya Mei, na Bunge hutakiwa kuipitisha bajeti kufikia 15 Juni. Barua kwa mbunge wako inayofika Februari au Machi inakuta mambo bado yako wazi. Ya Julai imechelewa.

FAFSA hufunguliwa kwa kawaida 1 Oktoba, na tarehe ya mwisho ya ruzuku za jimbo kwa wanaosomea digrii ni 2 Machi. Jaza yako ukiwa na jirani ambaye hajawahi kuijaza, na mkimaliza, tafuteni tarehe ya kikao kijacho cha bodi ya wilaya yenu.