Omba Msaada Kama Unavyoomba Mchango wa Harusi

Mtu mwenye harusi hapa Dar es Salaam haoni haya. Kadi za mchango zinagawiwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anatajwa, na tarehe ya mwisho inakumbushwa kila asubuhi. Lakini mtu huyohuyo akishakuwa mama, mtoto ana homa, beseni la nguo limefurika na kesho ana kikao kazini, jirani akimuuliza "Vipi, wazima?" anajibu: "Tunamshukuru Mungu." Mficha uchi hazai, jamani. Tujifunze kwa kamati ya harusi.

1. Taja kitu, siku na saa. "Uwe unanisaidia-saidia basi" haina pa kushika. Sema: "Shoga, Jumatano ukienda kumchukua mwanao shule, nichukulie na wangu. Nitampitia kwako saa 12 jioni." Hapo anajua anachokubali.

2. Kila kazi na mwenyewe. Shangazi anayejua kusuka, mwachie vichwa vya watoto Jumamosi. Wifi asiyeweza kelele za watoto lakini akiingia sokoni hatoki, mpe hela ya nyanya na vitunguu vya wiki nzima.

3. Baba haombwi, anapangiwa zamu. Mtoto ni wake. Kuogesha jioni, madaftari, kliniki: gawaneni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya malipo isiyopungua siku 3 mtoto anapozaliwa. Siku hizo zikiisha, ubaba ndio kwanza umeanza.

4. Kazini, usiombe kilicho chako. Sheria hiyohiyo inakupa likizo ya uzazi isiyopungua siku 84, au 100 ukijifungua mapacha. Ukirudi unanyonyesha, una hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Si fadhila ya bosi. Andika barua, taja saa unazotaka, baki na nakala.

5. Ukisaidiwa, funga mdomo. Mdogo wangu aliwahi kunisongea ugali, ukawa na madonge. Nikaurudisha jikoni na kuusonga upya, naye amesimama ananitazama. Miezi mitatu hakugusa mwiko kwangu. Siku hizi nguo zikianikwa ndani nje, nazivaa hivyohivyo na kusema asante.

6. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Si lazima hela. Ukichoma maandazi, peleka manne. Mwanao akilelewa leo, Jumapili baki na watoto wa jirani ili naye aende kanisani au shughulini. Ni kama upatu: usipotoa, zamu yako ikifika utaonekana mzigo.

Kwa hiyo jirani akiuliza tena "Vipi, wazima?", mshukuru Mungu kama kawaida. Kisha malizia: "Ila, una nusu saa?"