SIMU YA KAZI: IWE NA KAMERA AU ISIWE NAYO?

Somo la kujadiliana katika mkutano wa kikundi



Kuna jambo moja linaloleta ubishi katika vikundi siku hizi. Kikundi kimeweka akiba na sasa kinataka kununua simu moja ya kazi. Simu hii itapokea michango, itaita wanachama mkutanoni, itaulizia bei sokoni. Wengine husema, "Tununue kabambe, mulika mwizi yatosha. Kamera ni mambo ya vijana." Wengine nao husema, "Simu bila kamera ni jembe bila mpini." Sisi tunaona kila upande una neno la kweli. Hebu tulichambue jambo hili polepole, halafu kila kikundi kiamue chenyewe.

1. UBISHI HUU SI WA KIJIJINI PEKE YAKE

Mwaka 1997, mwezi wa Juni, mtu mmjoa wa California aitwaye Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu yake hospitalini, akawatumia jamaa na marafiki picha ya mtoto wake aliyekuwa amezaliwa siku hiyo. Mwezi wa Novemba 2000, kampuni ya Sharp ilitoa Japani simu iliyokuwa na kamera ndani yake na iliyoweza kutuma picha. Baada ya hapo simu za kamera zilienea upesi sana.

Lakini wenye makampuni makubwa hawakufurahi wote. Walijiuliza: mfanyakazi akiingia kiwandani na simu ya kamera, nani atamzuia kupiga picha ya siri zetu? Mwaka 2003 hata Samsung, ambao wenyewe walikuwa wakiuza simu za kamera, waliwakataza watu kuzitumia katika baadhi ya viwanda vyao. Saudi Arabia ilipiga marufuku simu hizo, halafu ikaiondoa marufuku hiyo mwishoni mwa 2004. Kule Singapore vijana wa jeshi hawakuruhusiwa kuingia kambini na simu ya kamera, na kukawa na mafundi wa kuwatolea watu kamera kwenye simu zao.

Kwa sababu hiyo simu za kazi zilitengenezwa kwa muda mrefu bila kamera. BlackBerry ya Kanada, ambayo ilikuwa ndiyo simu ya maofisa na mawakili, haikuwa na kamera mpaka ilipotoka ile ya Pearl mwaka 2006. Hata mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitoa nyingine, 8800, isiyo na kamera. Nokia nao walitoa E61 bila kamera, kisha mwaka 2007 wakatoa E61i yenye kamera. Simu yao ya E51 iliuzwa kwa namna mbili, ya kamera na isiyo na kamera, mnunuzi achague.

Mwisho wake ulikuwaje? Kamera ilishinda. Leo ni vigumu kupata simu janja dukani isiyo na kamera. Lakini wenye makampuni hawakuacha tu mambo yaende ovyo. Walitafuta njia nyingine: kuna programu ambayo mkubwa wa ofisi hutumia kuzima kamera za simu zote za kampuni, na kuna mahali ambapo mlinzi hubandika karatasi juu ya kamera yako langoni. Kwa hivyo neno la kujifunza hapa ni hili: walioruhusu kamera waliweka na utaratibu wa kuitumia.

2. KAMERA INAWEZA KUTUSAIDIA NINI?

(a) Kutunza hesabu. Risiti nyingi za dukani siku hizi huchapishwa kwenye karatasi laini inayoandikwa kwa joto. Ikikaa miezi michache, hasa juani au mfukoni, maandishi hufifia na karatasi hubaki nyeupe. Mkaguzi akija mwisho wa mwaka, mweka hazina anaonyesha nini? Risiti ikipigwa picha siku ile ile, hesabu haipotei. Hata kurasa za daftari la kikundi zaweza kupigwa picha kila mwezi. Nyumba ya katibu ikivuja au ikiungua, kumbukumbu zitakuwa zimebaki, mradi picha ziwe zimewekwa pia mahali pengine nje ya simu hiyo.

(b) Kuomba ushauri wa shamba. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia Kenya mwaka 2017, wakulima wengi wamejua taabu ya kumweleza afisa wa kilimo kwa maneno tu. "Jani lina matundu." Matundu ya namna gani? Picha moja inamaliza maneno mengi. Tena kuna programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na watafiti wa kilimo hapa Afrika. Unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama inaona dalili za batobato au za michirizi ya kahawia. Inasema Kiswahili, na shambani inafanya kazi hata bila intaneti. Kabambe haiwezi kazi hiyo.

(c) Kuonyesha kazi. Mfadhili au ofisi ya kaunti hupenda kuona tangi kabla ya kujengwa na baada ya kujengwa. Picha nyingi za simu janja hubeba ndani yake tarehe na saa, na kama simu imeruhusiwa, hata mahali ilipopigwa.

3. HATARI ZAKE NI ZIPI?

(a) Picha za watu. Tuseme kuna kikundi cha kukopeshana. Mama mmoja amechelewa kulipa. Mtu mwenye hasira anachukua simu ya kikundi, anampiga picha sokoni na kuituma kwa watu wote: "Huyu hapa halipi madeni." Labda alichelewa kwa sababu mtoto alikuwa amelazwa hospitalini. Deni lile angelilipa kwa wiki tatu, lakini aibu ile haina siku ya kwisha. Atahama kikundi, na wengine watajiuliza, "Kesho ni mimi?" Basi hapo kikundi kimepoteza mwanachama, na labda na pesa zenyewe. Picha ikishatoka kwenye simu hairudi. Unaweza kuifuta kwako, lakini iliyo kwa watu mia huwezi kuifuta.

(b) Picha za vitambulisho. Vikundi vingi hupiga picha vitambulisho vya wanachama wakati wa kujiandikisha, halafu picha zinabaki ndani ya simu miaka na miaka. Simu ikiibwa, mwizi hakupata simu peke yake. Amepata majina, nambari za kitambulisho, nambari za simu na sura za watu. Hivyo ndivyo vitu ambavyo tapeli anavitafuta ili ajifanye ni wewe.

(c) Picha za watoto na wagonjwa. Kikundi kinachowatunza mayatima, au wenzetu walio na virusi vya UKIMWI, kijihadhari mara mbili. Picha ya kuonyesha wema wetu inaweza kumtangaza mtu ambaye hakutaka kutangazwa.

(d) Picha inaweza kudanganya. Tangi moja laweza kupigwa picha pande mbili na kuitwa matangi mawili. Miche ya jirani yaweza kupigwa picha ikaitwa ya kikundi. Kwa hivyo picha isichukue nafasi ya kamati kwenda kuona kwa macho.

(e) Gharama na moto wa betri. Simu janja inataka kuchajiwa karibu kila siku, kabambe hukaa siku kadhaa. Kama hamna umeme wala sola, kila chaji ni shilingi na ni safari ya kwenda sokoni.

4. SHERIA INASEMA NINI?

Wengine hudhani sheria hizi ni za makampuni ya Nairobi tu. Sivyo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni habari yake mwenyewe. Anayetaka kuitangaza anahitaji sababu ya kisheria, na mara nyingi sababu hiyo ni idhini ya mwenyewe. Kwa mtoto, idhini ni ya mzazi au mlezi.

Sheria hii ina meno. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, mahali pamoja pa starehe palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Tena iko Sheria ya Makosa ya Kompyuta na Mitandao ya 2018. Anayesambaza picha ya utupu au ya siri ya mtu mwingine anaweza kutozwa faini hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili.

5. TUAMUE NAMNA GANI?

Kabla ya kwenda dukani, mkutano ujibu maswali matatu haya:

- Kazi gani ya kikundi chetu inahitaji picha? Mkikosa kuitaja hata moja, nunueni kabambe, na pesa zilizobaki ziende kwenye kuku au mbegu. Si aibu.
- Nani ataishika simu, na nani atamkagua?
- Simu ikipotea leo, kuna nini ndani kitakachomwumiza mwanachama?

Maoni yetu sisi ni haya. Kikundi kinachokopesha na kupokea pesa tu hakina haja ya kamera. Kikundi cha kilimo, cha maji au cha kujenga kitafaidika nayo sana. Na kama uwezo upo, tenganisheni kazi mbili: laini ya pesa ikae kwenye kabambe kwa mweka hazina, na kamera iwe kwenye simu ya katibu. Hivyo anayepiga picha hashiki pesa, na anayeshika pesa hana simu ambayo kila mtoto anaililia kuchezea. Simu moja ikipotea, hampotezi vyote kwa siku moja.

Lakini jambo kubwa kuliko kununua ni masharti. Tunapendekeza haya yaandikwe kwenye katiba ya kikundi, yasomwe kwa sauti na kukubaliwa na wote:

1. Simu ni ya kikundi, si ya katibu. Haipelekwi harusini wala haipewi watoto.
2. Hakuna kumpiga mtu picha kabla ya kumwomba na kumweleza itakwenda wapi. Akikataa, amekataa, na hasukumwi.
3. Mtoto hapigwi picha bila ruhusa ya mzazi au mlezi.
4. Hakuna picha ya mdaiwa itakayotumwa popote. Madeni yazungumzwe mkutanoni.
5. Picha ya kitambulisho ikishatumika kwa kazi yake, ifutwe.
6. Simu ifungwe kwa nambari ya siri. Nambari hiyo ijulikane na watu wawili, si kumi.
7. Kila miezi mitatu kamati ikae pamoja, iangalie picha zote, iweke za kazi na kufuta zisizohitajika.

Sharti la pili wengi wataliona gumu. Watasema linachelewesha kazi. Kweli linachelewesha, dakika moja hivi. Lakini dakika hiyo ndiyo inayomwonyesha mwanachama kwamba kikundi kinamheshimu, naye akiheshimiwa ataleta mchango wake bila kusukumwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kuna mtu katika kijiji chetu aliyewahi kuumizwa na picha iliyosambazwa? (Msitaje jina.) Nani angeweza kuzuia jambo hilo?
2. Taja kazi tatu za kikundi chetu ambazo picha ingezirahisisha.
3. Ni wanachama gani ambao huenda wakaogopa kusema "sitaki picha"? Tutawasaidia vipi waseme?
4. Tukiwa tayari tuna simu ya kamera, ndani yake kuna picha gani leo? Nani alizitazama mara ya mwisho?

Gawanyikeni katika vikundi vidogo vya watu watano au sita. Akina mama wakae peke yao kwa swali la tatu, maana mbele ya wazee wengine hawatasema. Kila kikundi kidogo kilete jibu moja mbele ya mkutano, na katibu aandike yote daftarini.