Kabla ya Kuomba Mkopo wa Nyumba, Angalia Kwanza Mikopo ya Simu Yako

Leo tunaongea kuhusu ndoto ya wapangaji wengi wa Nairobi: kuacha kumlipa mwenye nyumba kila mwezi na kuanza kulipia nyumba yako. Kule Soweto East, Kibera, magorofa yamesimama mahali palipokuwa na vyumba vya mabati. Ukiwa umekaa chumba kimoja pale Kongo, Kawangware, kwa miaka, ukiyaona unajiuliza, "Hata mimi si naweza?"

Unaweza. Lakini kuna kosa moja linalowaangusha watu dakika ya mwisho: kuchukua deni jipya muda mfupi kabla ya kuomba mkopo wa nyumba.

Kadi yetu ni simu

Katika nchi kama Marekani, watu huonywa wasichukue kadi mpya ya mkopo wakikaribia kununua nyumba. Hapa kwetu wengi hatuna kadi hizo. Kadi yetu ni simu. Tunafuliza tukipungukiwa, tunachukua M-Shwari, KCB M-Pesa au Hustler Fund, tunajaribu apu mbili tatu, kisha tunaongeza simu au TV ya kulipa mdogo mdogo. Kwa benki, yote hayo ni madeni.

Benki nazo huchagua. Kenya nzima ina takriban mikopo 30,000 pekee ya nyumba kwenye benki. Kabla ya kukukopesha kwa miaka 15 au 20, watataka kujua mambo matatu: unalipa kwa wakati? Unadaiwa na wangapi? Na kila mwezi unabaki na ngapi?

Hesabu inasemaje?

Tuchukue mfano. Wewe ni karani Lavington, unalala Kongo, na mshahara wako ni shilingi 45,000 kabla ya makato. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili. Kwako hiyo ni 30,000. Benki nyingi hutumia kipimo hichohicho.

- Kodi, NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba: karibu 9,000
- Nafasi inayobaki ya kulipa madeni: 21,000
- Mkopo wa nyumba wa milioni 2, tuseme kwa riba ya 9% kwa mwaka, kwa miaka 20: karibu 18,000 kwa mwezi

Umetoshea, na 3,000 imebaki. Sasa tuseme mwezi uliopita ulichukua pikipiki ya mkopo unayolipia 5,000 kwa mwezi. Nafasi imeshuka hadi 16,000. Benki ikikubali bado, itakupa karibu milioni 1.78. Pengo la kama shilingi 220,000 utalijaza mwenyewe, taslimu. Hiyo 5,000 ilionekana ndogo, lakini inaweza kukunyima nyumba.

Basi nisikope kabisa?

Hapana. Mtu asiyewahi kukopa hana historia, na benki haina cha kusoma. Mkopo mdogo uliolipwa kwa wakati unakusaidia, kwa sababu taasisi za kumbukumbu za mikopo, yaani CRB, hupokea habari nzuri pia, si za wanaokwepa tu. Kenya ina tatu zenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Shida huanza ukichelewa. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 unaweza kukuweka kwenye orodha ya wasiolipa. Tangu 2020, deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kukuweka huko. Lakini ukishaorodheshwa, kulipa hakufuti historia mara moja: rekodi hubaki hadi miaka mitano, ingawa itaonyesha umelipa.

Gharama pia si mchezo. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada ilikuwa 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Linganisha na ile 9% ya mfano wetu, ambayo ni ya mwaka mzima. Mkopo wa simu ni wa dharura, kama mtoto kuugua usiku. Usiutumie kutafuta malipo ya mwanzo ya nyumba. Hapo utakuwa umeziba shimo kwa kuchimba lingine.

Mimi ni mama mboga, sina hati ya mshahara

Simu yako ndiyo hati yako. Ukiuza sukuma wiki steji ya Kongo na pesa zote zikapitia mkononi, benki haikuoni. Pokea malipo kupitia Lipa na M-Pesa, na utenganishe pesa za biashara na za nyumbani. Uliza pia kwenye SACCO yako. Kampuni ya KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, hukopesha benki na SACCO pesa za muda mrefu ili nazo ziwakopeshe wanunuzi wa nyumba kwa riba nafuu. Wewe huendi KMRC, unaanzia kwa benki au SACCO.

Mpango wa miezi sita

Benki nyingi huomba taarifa za akaunti na za M-Pesa za miezi sita au zaidi. Basi jipange hivi:

1. Mwezi wa kwanza: Omba ripoti yako ya CRB. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Ukiona deni usilolijua au ulilokwisha kulipa, lalamika mara moja na uambatishe ujumbe wa malipo.
2. Mwezi wa pili na wa tatu: Maliza madeni madogo kwanza, moja baada ya jingine. Weka kila ujumbe wa malipo.
3. Mwezi wa nne hadi wa sita: Usifungue deni lolote jipya. Usimdhamini mtu pia, maana akishindwa kulipa, deni ni lako. Kile kiasi ulichokuwa unalipia madeni, kiweke akiba kila mwezi tarehe ileile.
4. Ukishaomba: Endelea hivyohivyo mpaka pesa zitolewe. Benki inaweza kuangalia rekodi yako tena.

Na ukiletewa ujumbe kwamba limiti yako imepanda, usikimbilie kuitumia. Limiti si pesa yako, ni deni ambalo bado hujalichukua.

Haba na haba hujaza kibaba, na madeni nayo hujaa vivyo hivyo. Leo jioni fungua taarifa yako ya M-Pesa, hesabu ni wakopeshaji wangapi umewalipa mwezi huu, na uandike jumla yake. Hapo ndipo safari ya nyumba yako inaanzia.