Mafunzo Niliyopata Nikisoma na Wajukuu Wakati wa Likizo

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi, nami nilikuwa bado kazini mwaka 2015 mtaala wa madarasa hayo ulipoelekezwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Siku hizi wajukuu huja kwangu Juni na Desemba. Wewe unayetaka mwanao afungue shule akiwa msomaji hodari, chukua haya.

1. Kutamka silabi bado si kusoma

Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, hivyo mtoto huwahi kumudu ba, be, bi, bo, bu. Mjukuu wangu wa darasa la pili alikuja akizijua zote, hata mbwa na nywa. Kwenye hadithi akakutana na "walipotuona", akasoma wa-li-po-tu-o-na bila kukosea. Nikamuuliza nani kamwona nani. Kimya.

Nilishangaa, kisha nikaelewa. Neno letu moja hubeba sentensi nzima, na anayelivuta silabi kwa silabi hufika mwisho mwanzo umeshamtoka. Nikaandika "ona" peke yake, chini yake "waliona", kisha "walituona", mwisho "walipotuona". Alipofika la mwisho akaruka: "Kumbe wao ndio wametuona sisi!" Neno moja refu kwa siku linatosha kabisa.

2. Maneno yake mwenyewe ni kitabu tosha

Vitabu vya hadithi ni haba majumbani mwetu. Wenye simu na bando wataona hadithi za Kiswahili za bure kwenye tovuti ya African Storybook, iliyoanza mwaka 2014. Lakini daftari la kawaida lina nguvu kuliko nilivyodhani. Mtoto anasimulia, wewe unaandika vilevile alivyosema, kisha anakusomea. Mjukuu wangu mdogo kuliko wote alinipa hii: "Kuku wa bibi ametaga chini ya kitanda, tena amekataa kutoka." Aliisoma hadi akaizoea, akaenda kumsomea kila aliyepita uani. Kurudia huko ndiko kunakoleta wepesi wa kusoma, na hakuna mtoto anayechoka kurudia habari yake mwenyewe.

3. Mpe nafasi ajisahihishe

Akisoma "ng'ombe" kama "ngombe", usimdake hapo hapo. Mwache amalize sentensi. Mara nyingi sikio lake litamrudisha nyuma bila wewe kusema lolote. Asiporudi, muulize tu: "Hapo umesemaje?"

4. Msikilizaji si lazima ajue kusoma

Wazazi wengi huniambia, "Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?" Jirani yangu, bibi mtu mzima ambaye hakuingia darasani, ndiye msikilizaji bora niliyewahi kumwona. Hukaa anachambua mchele, mtoto anasoma, naye anauliza: "Sasa huyo sungura kaenda wapi? Kwa nini kamdanganya mwenzake?" Mtoto hulazimika kurudi kwenye ukurasa kutafuta jibu. Ufahamu hujengwa na maswali ya namna hiyo, yanayotoka kwa mtu anayetaka kweli kujua kilichotokea. Kwa hiyo kama hukusoma, mwite mtoto jioni akae karibu yako na daftari lake, umuulize mpaka hadithi ikuingie.