Ayala wamepungua: tuache kupiga majike?

Swali: Tunakodi ardhi ya kuwindia huko Texas. Msimu huu tumeona ayala wachache kuliko mwaka jana. Tuache kupiga majike?

Jibu: Ndugu, msikate shauri kwa msimu mmoja. Mialoni ikizaa sana, ayala hushinda msituni wakila matunda yake, hawaji kwenye chakula mlichowawekea. Ukame nao huua watoto wengi, maana nyasi za kuwaficha na maziwa ya mama hupungua. Hesabuni kila mwaka kwa njia ileile, pimeni uzito wa kila mnyama mliyempiga, kadirieni umri wake kwa meno. Majike wakiwa wamenona ila watoto ni haba, punguzeni kuwapiga. Wakiwa wamekonda na vichaka vimeliwa hadi vinywa vinapofika, endeleeni: ardhi imeelemewa, na kuwaacha waongezeke ni kuwatesa kwa njaa.