Ngoma ya Coleman na Amri ya Saba

Kijana mmoja apigaye kinanda katika kwaya ya parokia yake ametuletea swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Yeye na wenzake hutunga nyimbo za kufokafoka, na kama ilivyo desturi ya muziki huo, hukata kipande cha wimbo wa mtu mwingine, wakakirudiarudia, kisha juu yake wakatia maneno yao. Je, huo ni wizi? Na ikiwa ni wizi, yampasa aungame?

Yafaa tutazame kwanza asili ya muziki wenyewe. Hip hop ilizaliwa Bronx, katika jiji la New York, na siku itajwayo kuwa ya mwanzo ni 11 Agosti 1973, katika karamu ambayo mpiga santuri wake alikuwa kijana Clive Campbell, aitwaye Kool Herc. Huyu alizaliwa Jamaika, na desturi ya kupiga santuri kwa vipaza sauti vikubwa ilitoka huko kisiwani kwao. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa alitoa wimbo wa "Planet Rock", ambao sauti yake aliitwaa kwa Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf. Basi mwenye kusema kwamba kila apokeaye cha taifa lingine ni mnyang'anyi, hana budi kuufuta muziki huu wote, na pamoja nao nyimbo nyingi tuziimbazo katika Misa, maana sauti zake zilikuja na wamisionari kutoka Ulaya. Kuazimana si dhambi.

Lakini hebu tusikilize habari ya Gregory Coleman. Wamarekani Weusi wana wimbo wa dini uitwao "Amen". Jester Hairston aliutengeneza kwa ajili ya sinema ya mwaka 1963, Lilies of the Field, ambamo Sidney Poitier aigiza fundi anayewajengea masista Wajerumani kikanisa katika jangwa la Arizona. Mwaka 1969 bendi ya Winstons ya Washington iliupiga wimbo huo bila maneno, ukawekwa upande wa pili wa santuri yao kwa jina la "Amen, Brother". Katikati yake vyombo vyote vyanyamaza, Coleman apiga ngoma peke yake kwa sekunde 7 hivi. Sekunde hizo zimekatwa na kutiwa katika maelfu ya nyimbo. Kundi la N.W.A. la California lilizitumia mwaka 1988. Na katika miaka ya 1990 vijana wa Uingereza walijenga juu yake aina nzima ya muziki wa dansi. Kwa hayo yote Coleman hakupata hata senti. Alifariki Atlanta mwaka 2006, maskini asiye na nyumba. Richard Spencer, kiongozi wa bendi, alikuja kupata habari mwaka 1996, na muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha pita.

Angalieni jambo moja. Miongoni mwa waliozitwaa sekunde hizo mapema walikuwamo Weusi wenzake. Kwa hiyo hatukubaliani na wale watakao kulipima kosa hili kwa rangi ya ngozi tu. Hata hivyo rangi ina neno lake. Mwaka 1990 wimbo wa kwanza wa hip hop kufika kileleni mwa orodha kuu ya Marekani ulikuwa wa Mzungu, Vanilla Ice, nao waliouvumbua muziki huo wangali nyuma. Besi ya wimbo huo, "Ice Ice Baby", aliitwaa kwa Queen na David Bowie bila kuwataja. Hao walikuwa wakubwa wenye mawakili, nao walilipwa. Punde Saleh J wa Dar es Salaam akautilia wimbo uleule maneno ya Kiswahili. Huyo sisi hatumhesabu mnyang'anyi, kwani hakumpunguzia mnyonge yeyote riziki yake.

Wala tusiwanyoshee wengine kidole. Missa Luba, iliyoandaliwa na Padre Guido Haazen huko Kamina, Kongo, na kurekodiwa mwaka 1958, imesikika dunia nzima. Jina la Padre tulifundishwa seminarini. Lakini walimu na watoto waliotoa sauti hizo za mababu zao, ni wangapi kati yetu tuwezao kumtaja hata mmoja?

Kwa kijana wetu, basi, jibu ni hili. Amri ya Saba yakataza kutwaa mali ya mwenzio pasipo ridhaa yake. Apigaye nyumbani ili kujifunza hana kosa. Auzaye na amwombe mwenyewe ruhusa, amtaje, ampe fungu lake. Ikiwa amekwisha kuuza, kuungama peke yake hakutoshi: yampasa kurudisha, mwenyewe akiwa amekufa, awape warithi, wasipojulikana, awape maskini. Ndivyo Kanisa lifundishavyo juu ya mbuzi na shamba, nasi hatuoni kwa nini ngoma iwe na sheria nyingine.

Mwaka 2015 watu walichanga pauni 24,000, kwa mchango ulioanzishwa Uingereza, akapewa Spencer. Coleman alikuwa kaburini mwaka wa 9.