MAFUNZO YA MOTAKAA: KIUNGO KIDOGO KINACHOLIA

Wasomaji wetu, wengi mmepanda motakaa ambayo kila ikipita penye vishimo hulia "ko, ko, ko" karibu na gurudumu. Dereva akiulizwa hujibu, "Ni mlio tu." Leo twataka kueleza asili ya mlio huo.

Chini ya motakaa nyingi pamelazwa pau ya chuma cha springi, toka upande wa kulia hata wa kushoto. Motakaa ikikata kona, bodi hulala upande wa nje. Hapo pau hujisokota na kuizuia isilale mno. Kila ncha ya pau imefungwa kwa kiungo kifupi, ambacho mafundi hukiita stebilaiza linki. Viungo vingi vina vifundo vya mviringo vilivyotiwa grisi na kufunikwa kwa mfuko wa mpira.

Je, hudumu muda gani? Hakuna hesabu moja ya maili. Penye lami nzuri hudumu sana; penye mashimo, ambapo gurudumu moja hupanda na jingine hushuka, hakipumziki. Lakini adui wake mkubwa ni kupasuka kwa mfuko: maji na mchanga huingia, grisi hutoka, kutu hula chuma, na kifundo hulegea.

Kukikagua si kazi ngumu. Isimamishe motakaa penye tambarare, zima injini, zuia magurudumu kwa mawe, kisha shika kiungo ukitikise. Kikicheza, kimekwisha. Usiinue upande mmoja kwa jeki, maana pau itajisokota na kukikaza, nawe utadhani ni kizima. Wala usiingie kamwe chini ya motakaa iliyoshikwa na jeki peke yake.

Yafaa kubadili viwili pamoja, cha kulia na cha kushoto, kwani vimefanya kazi sawa. Fundi akikaza nati, na aishike pini ya kifundo kwa spana ya pili, isizunguke na kuupasua mfuko mpya.

Kiungo kikikatika, motakaa bado yaenda, ila katika kona hulala zaidi. Hatari kubwa ni mazoea: sikio lililozoea mlio huu halitausikia ule wa boljointi inayoshika gurudumu, ambayo ikichomoka dereva hawezi tena kuiongoza motakaa. Mdharau mwiba, guu huota tende.